Rigini ya mitumba kutoka Texas, kwa macho ya fundi wa Nakuru

Rigini hii, kishikio cha ngozi cha wapanda farasi wa rodeo, nimeipa nyota 4. Ningeandika wiki mbili zilizopita ningeipa 2, na aibu ingenirudia mwenyewe, maana siku zote hizo nilikuwa nikiishika kinyume. Tutafika hapo.

Mimi ni fundi wa ngozi hapa Nakuru. Kibanda changu kiko Bondeni, na huu ni mwaka wangu wa 22. Wateja wangu wa kila siku ni wenye punda: mikanda ya kifua ya mikokoteni, hatamu, pedi za kuzuia vidonda. Wa farasi ni wachache na wanatoka mbali kidogo, Njoro na wale wa polo kule Gilgil. Hao huniletea matandiko ya zamani ambayo mwenyewe hana moyo wa kuyatupa. Kazi nimeirithi kwa baba. Alikuwa saisi kwenye shamba la mzungu Njoro, akaanza kushona kwa sababu alichoka kuona farasi akivuja damu mgongoni kwa tandiko bovu huku mwenye tandiko akimlaumu farasi. Ndiyo maana nikipewa kitu chochote cha kumvika mnyama, nakigeuza kwanza nitazame upande unaomgusa.

Hiki kililetwa na mpwa wangu. Ni mkimbiaji, kijana wa Elburgon, alipata ufadhili wa masomo katika chuo kimoja Texas. Kule chuo kinaweza kuwa na timu ya rodeo, mashindano ya kupanda wanyama wanaorusha mateke, kama sisi tunavyokuwa na timu ya voliboli, na huyu wetu akalala chumba kimoja na kijana wa timu hiyo. Mwenzake alipoacha kupanda, akawa anauza vyombo vyake. Mpwa wangu akaona ngozi, akanikumbuka. Alilipa dola 120, nikamrudishia shilingi 15,600 ingawa alikataa mara mbili kwa adabu. Mpya, anasema, ni dola mia kadhaa. Uwanjani afisa mmoja aliitoa kwenye begi, akaizungusha, akauliza ni mtego wa mnyama gani. Swali halikuwa baya sana.

Kitu chenyewe kinaitwa rigini. Ni cha wale wanaopanda farasi wa kurusha mateke bila tandiko. Ukisikia "bila tandiko" usidhani mtu ameketi mgongo mtupu akiwa hana lolote. Hana pa kukalia, hana pa kuweka mguu, hana hatamu, lakini mkono mmoja lazima ushike kitu. Chukua kishikio cha sanduku la safari, kipachike kwenye kipande cha ngozi nene, ukifunge juu ya mabega ya farasi. Basi.

Nimeipima. Katikati, penye kishikio, upana ni sentimita 25 na kidogo, kisha inapungua hadi kama 15 kwenye pete za chuma za pembeni. Hiyo si bahati, ni kanuni ya chama chao: inchi 10 katikati, inchi 6 penye pete, usizidishe. Kwa mizani ya jirani yangu muuza viazi ilikuwa kilo nne kasoro. Kutoka kwenye pete inashuka mikanda ya kufungia mkanda wa kifua, na chini ya yote hukaa pedi ili mifupa ya mabega ya farasi isichunwe. Mwili wa rigini ni ngozi tabaka juu ya tabaka. Kishikio kina ngozi mbichi ndani yake, ile inayolowekwa, ikaumbwa, ikaachwa ikauke mpaka ukiigonga inalia kama kwato. Sijawahi kukutana na ngozi mbichi iliyoumbwa vizuri hivi. Sisi tunaikausha juani haraka haraka inajikunja. Huyu fundi hakuwa na haraka. Mhuri wake umesuguliwa hata hausomeki, la sivyo ningemtafuta nimsalimie.

Sasa kosa langu. Wiki ya kwanza nilivaa glavu yake (imekuja nayo, na bahati nzuri yule kijana ni wa mkono wa kushoto kama mimi, kwa kuwa rigini hutengenezwa ya kushoto au ya kulia) nikaingiza mkono kwenye kishikio kama unavyobeba sanduku: kiganja chini, vifundo juu. Haukuingia. Nikasukuma, nikapaka sabuni, ukaingia nusu na kidole gumba kikakataa. Nikasema hiki kimeshonwa na mtu ambaye hajawahi kuwa na mkono. Na kitu kingine kilinikera: chini ya kishikio, kwenye ngozi ya mwili, palikuwa na mabonyeo manne kwa mstari. Nikadhani mtu alipiga nyundo vibaya akajaribu kuficha.

Jumapili mpwa wangu akampigia rafiki yake simu ya video. Kijana wa miaka 26, kofia kichwani ndani ya nyumba, na nyuma yake naona mashine ya kuchomelea vyuma, ndiyo kazi yake sasa. Nikamwonyesha shida yangu. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akageuza kiganja chake juu, kama mtu anayepokea chenji, akakisukuma mbele ya kamera.

Nikafanya hivyo. Mkono uliingia, ukafunga, ukakaa. Na vifundo vyangu vinne vikatua ndani ya yale mabonyeo manne.

Miaka 22 nawaambia wanafunzi wangu kwamba ngozi husema, halafu nimeshindwa kusoma sentensi ya maneno manne. Zile hazikuwa nyundo. Ni vifundo vya mtu mmoja, farasi baada ya farasi, vikisukumwa kwenye ngozi nene kuliko soli ya buti.

Tangu hapo niliisoma upya yote. Ukingo wa nyuma wa kishikio umepauka, ndipo uzito wote unapovutwa mpandaji anapolala chali. Wao hulala chali kweli, mgongo karibu uguse kiuno cha farasi, miguu ikipanda mabegani na kurudi. Ndani ya glavu, kiganjani, kuna vipande vya ngozi vilivyoongezwa ili mkono ubane zaidi kuliko nguvu ya vidole, na juu yake utomvu mkavu wa msonobari, unaong'aa kama asali iliyoganda. Ukiupasha moto kwa kusugua unanata kweli kweli. Kwenye kifundo cha mkono kuna kamba ya ngozi ya kufungia glavu isivuke. Kamba hiyo imekatika mara moja ikafungwa fundo, na fundo limekaa mahali ambapo lazima lilimuumiza. Nilimuuliza kwa nini hakubadilisha kamba. Akasema usiku huo walikuwa na kilomita mia nane za kuendesha, na asubuhi fundo lilikuwa limeshazoea.

Hapo ndipo nilitaka kujua maisha ya mtu wa kifaa hiki, maana kifaa hakieleweki bila hayo.

Kinachotakiwa ni sekunde 8. Nimepima: kupaka uzi nta na kuutia kwenye sindano hunichukua zaidi. Mkono wa pili uko hewani, ukigusa farasi, au mwili wako, au rigini, hupati kitu. Na kuna kanuni ya mruko wa kwanza ambayo naiona katili kuliko zote: farasi akitoka kizimbani, miguu yake ya mbele inapogusa ardhi, visigino vyako lazima viwe vimeshagusa juu ya mabega yake. Ukichelewa, hata ukimaliza sekunde zako 8 kwa madaha, umefanya kazi ya bure. Waamuzi ni wawili, kila mmoja ana alama 25 za mpandaji na 25 za farasi. Jumla 100. Yaani nusu ya alama ni za mnyama! Farasi mwenyewe anatolewa kwa kura, kwa hivyo ukipata mvivu utapanda vizuri na bado utarudi mikono mitupu. Niliwaeleza wateja wangu wa punda habari hii wakafurahi sana. Mmoja akasema wa kwake kwa mateke angekuwa bilionea. Nikawaambia Kanada kulikuwa na farasi aliyetwaa ubingwa wa dunia wa farasi wa mchezo huu mara 6, mali ya Calgary Stampede, rodeo kubwa ya huko, na jina lake ni Grated Coconut, yaani Nazi Iliyokunwa. Hilo jina sasa amepewa punda mmoja mweupe wa Kivumbini.

Mshahara hakuna. Hili lilinishangaza zaidi ya mateke. Mpandaji analipa ada kuingia shindano, analipa mafuta, analipa chakula, na asiposhika nafasi ameondoka na deni. Kijana wetu alianza na kadi ya majaribio ya chama cha wataalamu wa rodeo. Ukishinda jumla ya dola 1,000 ukiwa nayo, unaruhusiwa kuchukua kadi kamili. Yeye alifikisha kiasi hicho, akaingia barabarani na wenzake watatu kwenye pikapu moja, wakigawana mafuta na kulala kwa zamu. Kipindi cha Julai 4, sikukuu yao ya uhuru, rodeo ni nyingi hata wanakimbilia mbili kwa siku moja. Ukimsikiliza unafikiri ni kondakta wa matatu ya masafa marefu anayeelezea Desemba. Pesa unazoshinda ndizo alama zako za msimu: 15 wa juu huenda Las Vegas mwezi wa 12, wapande usiku 10 mfululizo. Fainali hizo ziko Las Vegas tangu 1985, isipokuwa mwaka wa korona, 2020, zilipohamishiwa Arlington, Texas.

Yeye hakufika. Alikuwa mbali nazo, na alisema hivyo bila kujikuna kichwa. Waliofika wakakaa ni wachache. Joe Alexander alishika ubingwa wa dunia miaka 5 mfululizo, 1971 hadi 1975, na mwaka 1974 kwenye rodeo ya Cheyenne, Wyoming, alipata alama 93 juu ya farasi aitwaye Marlboro. Kaycee Feild ndiye aliyewapita wote kwa mataji, 6: kuanzia 2011 hadi 2014, kisha 2020 na 2021. Baba yake, Lewis Feild, alikuwa bingwa wa mchezo huo huo 1985 na 1986. Nikiona hivyo namkumbuka mzee wangu na sindano zake, ingawa sisi hatukupewa hata kikombe.

Na waliwahi kugoma, jambo nililolipenda. Mwaka 1936, Boston, wapandaji walikataa kupanda hadi zawadi iongezwe na ada walizolipa wenyewe ziingizwe humo. Wakaunda chama wakakiita cha Kobe, kwa kuwa walichelewa sana kujipanga lakini hatimaye walitoa shingo. Chama cha leo kinatokana na kile. Mwalimu yeyote wa Kenya anaijua hadithi hiyo bila kusimuliwa.

Nirudi kwenye bidhaa.

Mazuri nimeyataja: ngozi, umbo la kishikio, na subira ya fundi. La nne ni bolti. Kishikio kimefungwa kwenye mwili kwa bolti, si ribiti. Mwanzoni nilikunja uso, kwangu bolti ni dalili ya fundi asiyejiamini. Kisha nikafungua moja nikaelewa: kishikio kikichoka unakibadilisha, mwili unaendelea. Nimeiba wazo hilo tayari, mikanda ya kifua ya punda ninayotengeneza sasa inafunguka mahali panapolika kwanza, na mteja analipa kipande tu.

Baya ni mshono wa pembeni, penye pete. Umepigwa kwa mashine, uzi wa nailoni uliovutwa mno, na nailoni ikivutwa mno inakata ngozi polepole kama uzi wa kukatia ugali. Upande wa kulia umekata robo ya safari. Pale ndipo farasi wa kilo 500 na zaidi anapovuta kwenda huku na mtu anavuta kwenda kule. Ningeshona kwa mkono, uzi wa kitani wenye nta, mishono minene, na ningechukua siku nzima. Nyota moja imekwenda hapo.

Mpwa wangu aliniuliza kama sitatoa nyingine kwa ajili ya kiwiko. Nieleze. Kwenye simu, yule kijana alipoaga alinyoosha mikono yote miwili. Wa kulia ulinyooka. Wa kushoto uliishia njiani, kama mlango uliozuiwa na kiti. Kila mruko farasi anauvuta mkono ule ulionaswa na mwili unabaki nyuma, na kiwiko ndicho kamba kati yao. Wengine ni shingo, siku hizi wanavaa kola nene na fulana za kukinga. Mtu akianguka kabla mkono haujachomoka anaburutwa huku ananing'inia, mpaka wafike wale wapanda farasi wawili ambao kazi yao ni kumpokea. Tandiko la polo likikaza mtu namna hiyo ningelikata kwa kisu mbele ya mwenyewe. Lakini hiki kimetengenezwa ili kinase. Kijana alisema rigini iliyolegea aliwahi kuitumia siku moja tu, akatua kwa kichwa sekunde ya tatu. Kwa hivyo nyota imebaki. Sijafurahi nayo.

Kuhusu farasi, kwa sababu najua mtaniuliza: ule mkanda wa nyuma unaofungwa mbele ya mapaja sikuletewa, ila nimeuona kwenye video na nikaeleza walioniambia kwamba unafungwa kwenye sehemu za siri. Hapana. Unazunguka kiuno, ndani umewekwa manyoya ya kondoo, una kifungo cha kufyatua haraka, na baadhi ya farasi hao ni majike. Vyuma vya kisigino navyo lazima viwe butu na vizunguke. Bado sivipendi. Baba angesema farasi asiyetaka mtu mgongoni aachiwe malisho, na sina jibu la kumpa. Wala nisifananishe na fahali wa Khayega kama jirani yangu Mluhya anavyopenda. Kule mafahali wanapigana wenyewe kwa wenyewe, binadamu yuko pembeni na ngoma zake za isukuti.

Nilijaribu kuifunga kwa punda. Msijaribu. Mabega ya punda ni membamba, rigini ilikaa kama kofia ya mtu mzima kwa mtoto, ikateleza hadi mbavuni. Nazi Iliyokunwa alisimama tu akitafuna maganda ya mahindi, wala hakugeuka kutazama.

Kuna jambo moja lililonifurahisha kuliko bei. Rigini ya kwanza ya mkono mmoja inatajwa kuwa ya Earl Bascom, kule Alberta, Kanada, mwaka 1924. Hakuwa na ngozi ya maana. Alichukua kipande cha mpira, ukanda uliotupwa wa mashine ya kupura nafaka, akakikunja sehemu ikawa kishikio, akapiga ribiti. Kipande kimoja, kazi imekwisha. Nilipolisikia hilo nikasema huyo ni mtu wetu wa akala. Njoro ni nchi ya ngano, ukanda wa kombaini iliyokufa haukosi kwa wauza vyuma chakavu. Nikanunua mita moja kwa shilingi 300, nikakunja, nikapiga ribiti sita, ndani nikaweka soli ya ngozi mbichi ya kulinda vifundo. Ilinichukua saa mbili na chai.

Nikazitundika zote mbili mlangoni. Ile ya Texas watu wanaipiga picha, wanauliza imetoka wapi, wanaendelea na safari yao. Siiuzi. Ya mpira ilikaa siku nne. Mwenye mkokoteni mmoja wa Kaptembwo anayesambaza mitungi ya gesi aliishika, akaivuta, akaning'inia nayo kidogo kwenye nguzo ya kibanda mpaka mabati yakalia. Akanipa shilingi 600. Ameipigilia ubavuni mwa mkokoteni, ndipo anaposhika akisimama nyuma kwenye mteremko. Kiganja chini, nimeona. Sikumwambia kitu.